Ugonjwa Niliougundua Mwenyewe

Aibu hii sikumsimulia hata mke wangu mpaka tulipopata mtoto wa tatu, na leo nawasimulia kwa kuwa wengi walioniona siku ile wameshahama Garissa, na waliobaki wamezeeka kama mimi na huenda wamesahau (sidhani, lakini acha nijipe moyo).

Ilikuwa miaka ile ya vita vya shifta, barabara hazipitiki ila kwa msafara wa jeshi, nami ndiye niliyekuwa mpiga eksirei pekee wa hospitali yetu, kijana wa koti jeupe na kichwa kikubwa. Daktari wa picha wa Nairobi, Mhindi mmoja mpole, alituandikia kwamba kila idara ipange utafiti wake: tuandike kwanza swali letu, tutampima nani, tutamlinganisha na nani, kisha tumpelekee hiyo karatasi kabla ya kuanza. Mimi nikaona karatasi ni kazi ya wavivu, nikaanza moja kwa moja kuwapiga picha za kifua wafugaji wote waliokuja wakikohoa.

Wiki ya pili nikaona ajabu. Kila picha ina alama nyeupe, nyembamba, imelala chini ya pafu la kulia. Wafugaji kumi na wawili, alama ile ile. Nikajua nimegundua ugonjwa mpya wa watu wa ngamia, nikaanza hata kuutafutia jina (langu, la nani tena?), na badala ya kunyamaza mpaka daktari aje, nikamwendea Mzee Hassan, mfugaji wa Balambala niliyempiga picha wa kwanza.

"Adeer," nikamwambia, maana ndivyo tunavyowaita wazee wetu, kama baba mdogo, "kifua chako kina kitu kibaya. Itabidi uende Nairobi ukachomwe kwa mionzi."

Hakulia. Alituma ujumbe nyumbani, akawagawia wanawe ngamia wote, akakaa kwenye baraza ya hospitali akingoja msafara, sanda yake ndani ya mfuko.

Msafara ulipofika, ukamleta daktari mwenyewe. Nikazipanga picha dirishani, wauguzi na wagonjwa na jamaa zao wamejaa mlangoni, nami nikahutubu kama waziri. Daktari akazitazama moja moja, kisha akauliza taratibu, "Na picha ya mtu mwenye afya iko wapi?"

"Sina."

"Basi vua shati."

Akanipiga picha. Filamu ilipotoka majini, alama ilikuwepo, chini ya pafu langu la kulia. Ndugu zangu, nikamshika muuguzi mkono nikaanza kutoa shahada mbele ya watu wote, kwa sauti, huku kifua wazi.

Daktari akaniacha nimalize. "Una kaseti ngapi?" akauliza, yaani lile boksi bapa la kuwekea filamu.

"Moja tu."

Akaifungua, akatoa kwa ncha ya kidole unyuzi mmoja wa mswaki, uliolala pale pale penye alama. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga mswaki mle kwenye chumba cha giza huku nikibadilisha filamu. Watu walicheka mpaka askari wa msafara wakaja kuuliza kuna nini.

Daktari akaipangusa kaseti, akampiga Mzee Hassan picha nyingine, mapafu safi, kikohozi ni cha vumbi tu. Nililia kwa furaha, siwafichi. Lakini mzee hakucheka.

"Ngamia nimegawa, na kufa sijakufa," alisema. "Watoto yangu wananisomea Qurani huko. Sasa wewe andika karatasi, sema baba yao iko hai. Andika bole bole, makosa nataka hapana."

Nikaandika, daktari akasoma na kutia sahihi, mzee akaikunja ndani ya kilemba na kuondoka nayo. Mwezi mzima sikulala vizuri, mpaka habari ikanifikia kwamba wanawe wamerudisha ngamia wote, Alhamdulillahi, na kwamba barua ilisomwa mara tatu kabla hawajaamini.

Tangu hapo sijaanza utafiti bila kuandika mpango wake, na simwambii mgonjwa neno zito mpaka nimejipiga picha mimi mwenyewe kwanza.