Paneli Zilizoelekea Kibla

Mama yangu hajawahi kupanda hata kiti, lakini siku fundi alipomletea breketi za sola achague, alizungumza habari za paa kama mtu aliyezaliwa juu yake.

Nyumba yake iko Kengeja, ndani kidogo, kwenye muhogo na migomba, na nguzo za umeme zimeishia barabarani. Mimi nakaa Wawi, ninasomesha skuli. Mama ana sukari, na dawa yake ya sindano haipatani na joto, kwa hiyo kwa miaka ilikuwa ikikaa katika friji la duka la barabarani, baina ya soda na pakiti za barafu. Kila asubuhi alijitanda kanga akaifuata huko, akajidunga nyuma ya duka, kisha akarudi nyumbani na habari za mtaa mzima. Nadhani habari zile zilimsaidia kuliko dawa.

Masika moja akateleza njiani, akaumia nyonga. Nilikwenda kumuuguza na siku ya tatu nikatoa hukumu, kwa sauti ileile ninayoitumia darasani: atahamia kwangu, Wawi, ambako umeme upo ndani.

"Kwako weye?" akauliza. "Nyumba zenu zilivyobanana, mtu akipiga chafya, jirani wa tatu ndiye amwombea rehema."

Tulibishana kwa wiki nzima, yeye kitandani na mimi jikoni. Mwisho akaweka mapatano yeye mwenyewe. Nimtilie sola na friji dogo. Dawa ikikaa baridi mwaka mzima, yeye anabaki kwake na mimi sitamtaja Wawi tena. Friji likishindwa, atafunga vitu vyake, tutaondoka pamoja, na yeye hatanung'unika. Nikakubali. Kwa kweli nilikubali haraka mno, maana mafriji nayajua, na mama yangu kunyamaza bila ya kunung'unika sijawahi kumwona.

Fundi alikuja kutoka Chake, mtu mzima mpole, asiyejibu swali lolote kabla ya kusema bismillahi. Ukimuuliza kama atakunywa chai, bismillahi, ndiyo. Alizitandika breketi zake ukumbini juu ya mkeka, namna mbili, na mama akakaa kitako kuzitazama kama anayechagua vitenge.

Za kwanza zilikuwa fupi, vyuma vilivyokunjwa, vya kuinua paneli shibiri moja tu juu ya bati.

"Na kwa nini isilale juu ya bati, yakaisha?" mama akauliza.

"Bismillahi. Bi mkubwa, bati la saa saba lapika. Paneli ikishika moto, umeme wapungua. Lazima upepo upite chini yake."

"Kumbe nayo yataka kupepewa," akasema mama, na nikaona kwamba amekwisha kuipenda.

Za pili zilikuwa na miguu mirefu nyuma na mifupi mbele, za kuisimamisha paneli mshazari na kuielekeza upande wowote mtu anaoutaka. Fundi alizileta kwa kuwa zilikuwamo ndani ya gari tu. Alichokitaka ni zile fupi. Paa la mama lina migongo miwili, mmoja wa macheo na mmoja wa machweo, na yeye alipanga kuweka paneli moja huku na moja huku, zilale na paa lao, zipokezane jua la asubuhi na la jioni.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Na kibla?" akauliza.

"Kibla, bi mkubwa?"

"Kibla kitakuwa wapi, zikikaa hivyo?"

Fundi akatazama juu, akageuka, akahesabu kwa vidole. "Kitakuwa ubavuni mwao."

"Ubavuni," akasema mama. "Kama choo."

Kwa asiyetujua, niseme hivi. Kwetu choo hakijengwi mtu akakaa kukielekea kibla wala kukipa mgongo, kwa hiyo kibla huachwa ubavuni. Ndiyo heshima. Lakini kila kitu chengine katika nyumba ya mama kinakitazama: kitanda chake kimepangwa hivyo, kuku huchinjwa hivyo, na marehemu baba alilazwa hivyo katika chumba kilekile tulimokuwa tumeegemeza zile paneli. Na kwetu Pemba, ukielekea kibla umeelekea kaskazini hasa. Mama hakuona sababu ya chombo kinacholinda uhai wake kupangwa kama choo.

"Bi mkubwa, paneli haisali," akasema fundi, kwa adabu zote, na safari hii alisahau bismillahi.

"Sikusema yasali. Nasema isikae kama choo." Akazisogeza breketi ndefu upande wake wa mkeka. "Hizi ndizo."

Fundi akanitazama mimi, mwalimu, nimwokoe. Nikamwambia afanye anavyotaka mwenye nyumba.

Mama alipokwenda kumtazama kuku anayetamia, fundi aliniita nje nimshikie waya. Waya haukuhitaji kushikwa. "Mwalimu," akasema, "sasa ni kipupwe, jua liko huko huko kibla, zitafanya kazi vizuri. Ikifika vuli, jua lahamia kusini. Paneli zilizosimama vile zitalipa mgongo, na mawingu juu yake. Friji halitafika asubuhi. Mwambie mama. Weye atakusikia."

Nikamwambia nitamwambia.

Sikumwambia. Nimejaribu mara nyingi kujitafutia udhuru na sijapata unaosimama. Nilijua anakosea, na nikamwacha akosee kwa sababu kosa lake lilikuwa linamleta kwangu. Nilikuwa nimechoka kushtuka kila simu inapolia alfajiri. Nilikuwa nimechoka pia, na hili ni gumu kuliandika, kula peke yangu. Tena nilijiambia kwamba sisemi uongo, nimenyamaza tu. Hilo mwanafunzi wangu angeniambia, ningemweka nje ya darasa.

Kuzipachika paneli kulichukua asubuhi nzima, kwa sababu mama hakuiamini simu ya fundi yenye dira. Alitoa mswala wake, akautandika uwanjani sawasawa na anavyousalia, akamwamuru fundi autazame kutoka juu na azipange paneli sambamba nao. Kila alipofunga skrubu, fundi aligeuka kuuangalia mswala, na kila alipogeuka, mama alimwambia bado kidogo. Walipomaliza, paneli zilikuwa zimeinuka nyuma na kuinama mbele kama watu wawili waliorukuu. Wapita njia walisimama kuziangalia. Mmoja alitaka kujua kama tumejenga msikiti.

Friji lilifanya kazi kweli. Kusi ilivuma ikashindwa kuzing'oa zile breketi, na mama hakukosa kunitajia hilo. Alinipigia simu kila siku kunipa ripoti. "Leo maji yameganda. Nikuwekee kipande, ama huko kwenu Wawi mnayo barafu?" Siku nyengine: "Dawa yangu ni baridi mpaka nasikia huruma kujidunga." Nikacheka naye. Nikikata simu nilikuwa natazama kalenda.

Vuli ilipoingia, ripoti zikapungua. Kwanza friji likawa linatajwa baada ya muhogo, kisha baada ya mvua, kisha halitajwi kabisa. Mimi sikuuliza. Nilingoja wiki moja, na ya pili, na Jumamosi ya tatu nikapanda gari kwenda Kengeja na maneno yangu ya upole nimeyapanga tayari.

Sikuyahitaji. Friji lilikuwa mlango wazi, limekauka, ndani yake mama ametia vitunguu. Dawa ilikuwa imerudi dukani kwenye soda. Chumbani begi lilikuwa juu ya kitanda, limefungwa zipu, na pembeni yake msahafu ndani ya kitambaa chake. Banda la kuku lilikuwa tupu.

"Kuku wako wapi?" nikauliza.

"Nimempa jirani. Huko kwako si hakuna pa kuwafuga." Alikuwa amevaa buibui, amekaa ukingoni mwa kitanda. "Mapatano ni mapatano. Friji limeshindwa. Haya, twende, isije mvua ikatukuta njiani."

Nilisubiri anitanie. Nilisubiri habari za chafya, za nyumba zilizobanana, hata tusi dogo. Alishika begi kwa mkono mmoja na kwa mwengine akashika nyonga yake, akasimama. Alikuwa mdogo ndani ya lile buibui. Nilikuwa nimemtaka mama yangu nyumbani kwangu, na aliyesimama mbele yangu alikuwa mgeni mwenye adabu.

Nikamnyang'anya begi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, haraka, nisije nikaghairi: kwamba fundi alinionya siku ileile, kwamba breketi fupi zingefaa mwaka mzima, kwamba nilijua na nilinyamaza kwa sababu nilitaka lishindwe.

Alikaa tena kitandani. Akavua buibui, akalikunja, akalilaza juu ya msahafu, kisha akaona si pahala pake, akaliondoa.

"Haya," akasema. "Mpigie fundi, aje na zile fupi."

Fundi alikuja kesho yake. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimetumwa kwa jirani kudai kuku sita waliokwisha kutolewa kwa moyo mkunjufu. Sitamani kuifanya kazi ile tena. Nilirudi na watano. Wa sita alikuwa ameshapikwa, na nikaletewa mchuzi wake kwenye bakuli.

Fundi akapanda juu, nami nikamshikia ngazi. Alizifungua breketi ndefu moja moja na kuziteremsha kwa kamba, akazipachika fupi mahali pake, paneli moja macheo, moja machweo, zikalala shibiri moja juu ya bati. Mama alikuwa kwenye kiti uwanjani anachambua mchele. Mswala hakuutoa.

"Bismillahi, bi mkubwa," fundi akasema kutoka juu, akifunga ya mwisho, "mie si nlikwambia siku ile ile? Mwalimu kenda kutia chai, nkakwambia, vuli hazitafaa, na yeye nshamwambia."

Nikamtazama mama. Hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Ulijua?" nikamuuliza. "Tangu kipupwe ulijua, ukaniacha?"

"N'kingoja unambie weye," akasema. Akatoa kijiwe katika mchele, akakitupa. "Ungelinambia, ningeliridhia ubavu siku ile ile."