Makuti ya Akina Mama wa Kanisa

Juzi nilishuka Sultan Hamud ninywe chai, nikakaa chini ya banda lililoezekwa kwa makuti ya plastiki. Plastiki, rafiki yangu! Yalikuwa yamepauka kwa jua, yamejaa vumbi la malori, yananuka kama ndala iliyoungua. Chai haikushuka. Niliiacha mezani nikaondoka, nikimkumbuka susu. Sisi Wakamba nyanya tunamwita hivyo.

Susu alijifunza kushona makuti Pwani, enzi babu akifanya kazi ya reli. Waliporudi kwetu upande wa Kasikeu hawakukuta minazi, basi akatumia majani ya mikindu iliyoota kando ya mto. Kazi yenyewe, nikwambie ukweli, ilikuwa chafu. Tuliloweka majani shimoni yalainike, na baada ya muda maji yakashika utando wa kijani na kunuka vibaya. Mkonge wa kutengenezea kamba tuliuozesha hapo kando, na maji yake yalituwasha hadi kwenye viwiko. Kisha unakunja jani juu ya kijiti, unalibana kwa kamba, unaweka lingine, mpaka kijiti kijae. Mchana tulikula muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na kunde kwa mikono ileile, harufu haijatoka, na bado ulikuwa mtamu.

Mwaka mmoja akina mama wa kanisa letu waliamua kutujengea banda watoto wa shule ya Jumapili, maana tulikuwa tunafundishwa juani. Kiangazi kizima walikuja kwa susu wakitoka shambani, wakashona huku wakiimba. Wengine vidole vilitoka damu. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye pikapu, akajitolea kuyabeba makuti. Tulimpakilia wenyewe, naye akatuombea kabla ya kuwasha gari.

Makuti hayakufika kanisani. Tuliyaona siku ya soko, juu ya baa mpya ya yule mzee. Walevi walikuwa wamejazana kwenye kivuli chetu, wanatafuna nyama choma na kutema mifupa chini. Mama mmoja akaanza kulia. Susu alitazama tu, uso ameukunja kama mtu aliyeonja maziwa yaliyooza.

Kesho yake alikwenda kwa mchungaji.

"Mama, tumuombee tu ndugu yetu," mchungaji akamwambia. "Shetani anapenda magomvi kanisani."

"Muombee wewe, mchungaji," susu akajibu. "Mimi mikono bado inaniwasha."

Baada ya mavuno yule mzee alileta mabati ya banda, mapya, yanameremeta. Akaitwa mbele, akasema Mungu amemgusa moyo. Mchungaji akaomba apigiwe makofi ya kilo, yale mazito ya nguvu, na makofi yakapigwa, hata na wale akina mama wenyewe. Susu hakupiga. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikamsikia akivuta kohozi kooni. Akaangalia madhabahu, akaangalia mlango uliokuwa mbali, kisha akalimeza.

Mabati yale yalitupika kila Jumapili. Majani yaliyokuwa yamebaki shimoni susu hakuyagusa tena. Yalioza humo mpaka majirani wakalalamikia nzi. Siku moja nilimwomba anionyeshe jinsi ya kufunga kamba ya mwisho, ile inayozuia kuti lisifumuke, maana hiyo alikuwa hajanifundisha. Hakuniangalia.

"Ya nini?" akasema. "Uje umfunike nani?"

Siku hizi mto umechimbwa mchanga hadi kingo zimebomoka, na mikindu imekwenda nazo. Susu tulishamzika, na wale akina mama wengi wao pia. Upande wetu wote sijui mtu anayeshona kuti. Mwaka jana nilileta majani kutoka mbali nikajaribu. Kukunja naweza, kubana naweza, mikono inakumbuka vizuri mpaka mwisho wa kijiti. Halafu nikaachia, na yote yakafumuka.