Springi Iliyojazwa kwa Hasira

Walipoachana, shangazi yangu alipewa boti, mumewe akabaki na nyumba. Wazee wa pande zote mbili wakaona wametenda haki, wakanywa chai, wakaenda zao. Kesho yake shangazi akafungua chumba cha injini: betri zimeng'olewa, nyaya zinaning'inia kama utumbo wa kuku. Akampigia simu mtalaka wake.

"Boti ni yako," jamaa akamjibu. "Betri nilinunua mimi. Piga makasia, utapungua mwili."

Hapo ndipo alipojichimbia kaburi. Shangazi husamehe njaa, husamehe hata mvua ya siku ya kufua, lakini neno la mwili wake hulitunza kama dhahabu.

Betri mpya hakununua. Alikwenda kwa muuza vyuma chakavu akarudi na starta ya springi iliyotolewa kwenye boti ya zamani: kopo zito la chuma lenye hendeli ubavuni. Unazungusha hendeli, springi ndani inajibana, ka, ka, ka, mpaka mkono ukatae. Kisha unagonga kifyatuo. Springi inajiachia kwa mkupuo mmoja, inalirusha gurudumu zito la injini, na dizeli inaamka ikikohoa moshi. Haitaki umeme hata wa tochi. Inataka bega, na bega shangazi analo.

"Ikishajazwa usiichezee," muuza vyuma alimwonya. "Inakaa humo kama mbwa nyuma ya geti."

"Basi tutaelewana," shangazi akasema.

Gatini kwetu kazi nono ni moja, kuvusha wafanyakazi wa machimbo ya mawe asubuhi. Zamani wenye boti walikuwa wakigombania abiria hadi kuchaniana mashati, ndipo msimamizi, tunayemwita Filimbi, akaweka sheria yake: injini zote zinyamaze, yeye apulize, na itakayonguruma kwanza ndiyo ipakie. Aliyeshindwa aokote wachuuzi na mbuzi. Mtalaka wa shangazi alishapata boti nyingine, na kwa betri zilezile alikuwa akizoa wafanyakazi kila siku. Alijiita Swichi. Fikiria mtu mzima anajibatiza Swichi.

Siku shangazi aliporudi gatini, springi alishaijaza mapema. Filimbi ikalia, akagonga kifyatuo, injini ikanguruma. Swichi bado alikuwa anabembeleza ufunguo, kwi-kwi-kwi, maana betri alikuwa amezimaliza kwa muziki. Kesho yake vilevile. Keshokutwa akakimbilia kwa msimamizi kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.

"Bosi, huyu mwanamke ananiibia! Anazungusha hendeli kabla ya filimbi. Kuzungusha si ndiyo kuwasha kwenyewe?"

Filimbi akakuna kidevu. "Ana hoja. Mama, kuanzia kesho hendeli isiguswe mpaka nipulize."

Kila mtu alielewa maana yake. Mpaka springi ijae, Swichi angekuwa katikati ya maji na abiria wote. Bila nauli za abiria wale shangazi angelazimika kuiuza boti, na mnunuzi alishaanza kuikagua kwa jicho la pembeni. Mnunuzi mwenyewe ni Swichi.

"Sawa, bosi," shangazi akasema, kwa upole uliotutisha sisi watu wa nyumbani. "Nguvu isiwekwe kabla ya filimbi. Sheria nzuri. Sasa niulizie mwenzangu, betri zake amezichaji lini?"

Shangazi akaunyoosha mkono wake wa hendeli.

"Mimi yangu nimeiweka kwenye springi leo, kwa mkono huu. Yeye yake kaiweka jana, kwa umeme wa nyumba ambayo matofali yake nilibeba mimi. Kama ni mwiko, uwe mwiko kwa wote. Kesho aje na betri tupu. Ukipuliza, ndio akachaji. Sisi tutamsubiri ng'ambo!"

Mchimba mawe mmoja alikaa chini kabisa kwa kicheko. Filimbi naye mabega yakamtikisika. "Basi! Kila mtu aje na nguvu yake alivyoiweka. Kesi imekwisha."

Mwingine angeridhika hapo. Lakini asubuhi iliyofuata, wafanyakazi wakiwa wameshapanda kwake na Swichi amekaza ufunguo mpaka hata ile kwi imekata, shangazi aliisogeza boti yake ubavuni mwa ile nyingine. Akazima injini.

"Mama, tutachelewa!"

"Mtafika."

Akashika hendeli. Akazungusha polepole, macho kwa macho na Swichi, ka... ka... ka..., kama mtu anayemkaba mwenzake kwa adabu.

"Jamani, yaishe basi," Swichi akasema kwa sauti ndogo. "Nipe hata kamba univute."

Shangazi akaongeza mzunguko mmoja, akagonga kifyatuo. Injini ikaamka, na moshi wote mweusi ukaenda moja kwa moja kumfunika Swichi na ufunguo wake, maana kabla ya kuzima, shangazi alikuwa ameshapima upepo unavumia wapi.