Kura ya Mama Mkononi Mwangu

Wiki moja kabla ya uchaguzi nilikuwa nikifundisha falsafa katika chuo kimoja mjini Nyamira. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hao wanafalsafa wa kale wangekuwa hapa leo, wangepigaje kura?"

Nililifurahia swali lile. Niliwaambia kulikuwa na Myunani aliyeudharau umati, akiona kwamba watu wasioijua bahari hawawezi kuchagua nahodha. Mwanafunzi wake akampinga: wengi wakiketi pamoja huona asichokiona mjuzi mmoja. Karne nyingi baadaye akaja Mjerumani aliyeshikilia kwamba ahadi ni ahadi, hata ikikuumiza. Vijana wakabishana hadi kengele ikalia, nami nikatoka nimeridhika.

Siku ya kura nilikwenda Manga kwa mama. Macho yake yalikuwa yamefifia, na sheria humruhusu asiyeona kuja na mtu anayemwamini amtilie alama. Alinichagua mimi. Tuliteremka kati ya mashamba ya chai, amenishika kiwiko, na tulipofika kijitoni nikambeba mgongoni. Daraja la pale mwakilishi wetu wa wadi aliliahidi tangu kampeni yake ya kwanza. Baba alipougua wakati wa mvua, gari halikuweza kuvuka. Majirani nami tulimbeba juu ya kitanda, maji yametufika kiunoni, naye akakata roho kabla hatujaiona lami.

Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Wazee walipitishwa mbele. Karani akaniapisha kwamba nitatia alama pale tu mama atakaponielekeza.

Karatasi za mwanzo hazikutuchelewesha. Ya mwisho ilikuwa ya wadi. Nilimsomea majina mawili: la mheshimiwa, na la muuguzi wa zahanati yetu, mwanamke aliyewapokea nusu ya watoto wa kijiji walipozaliwa.

"Weka kwa mheshimiwa," mama alisema kwa Ekegusii, bila kupunguza sauti.

"Mama, yule wa daraja?"

"Huyo huyo."

"Na baba je?"

"Alikuja matangani, mwanangu. Alilia pamoja nami. Alishika jeneza kwa mikono yake. Huyo muuguzi hakuja."

"Alikuwa zamuni."

"Hakuja."

Msimamizi wa kituo akasogea. "Mwalimu, unamsomea au unamfanyia kampeni?"

Nikaigeukia karatasi. Mama alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani, ametulia kama mtu aliyekwisha kukabidhi mzigo. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na miraba miwili ilikaribiana mno. Myunani yule angeninyang'anya kalamu amchague mjuzi. Mjerumani angevitazama vidole vyangu. Na yule aliyewaamini wengi angenionyesha foleni iliyokuwa nje, watu waliozika kama sisi, na kila mmoja akimkumbuka aliyekuja kulia naye. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika kalamu ya mama yake mbele ya kifo cha baba yake.

Nikatia alama pale aliposema mama.

Kisha nikapiga kura yangu, kwa muuguzi. Tukarudi nyumbani kura yake na yangu zikiwa zimefutana, na yeye asijue. Njiani aliniuliza kama wino umeshika vizuri kidoleni mwake. Nikamwambia umeshika.

Mheshimiwa alishinda kwa mbali. Hata kama ningemdanganya mama, mheshimiwa asingeshindwa, na jambo hilo halikunipunguzia uzito wowote. Tulisikia habari redioni tukiwa jikoni, ugali uko mezani. Mama alipiga makofi taratibu, kisha akaniomba nimshukuru Mungu kwa niaba ya nyumba yetu, kwa kuwa mimi ndiye mwanamume aliyebaki.

Niliinamisha kichwa. Alingoja, akadhani uchovu umenizidi, akaomba yeye mwenyewe: akamwombea mheshimiwa afya, akamwombea baba pumziko. Mimi nikaitikia amina.