Nyundo ya Saa Kumi

Mwaka ule mimi ndiye niliyesimamia meza ya keki ndani ya kanisa, kule nyuma, kwa hiyo asiyekuwepo asinibishie.

Jirani yangu Lyle Thibodeau alikamua ng'ombe maisha yake yote, na kwa miaka thelathini na moja alitunza saa ya mnara wa kanisa letu kongwe la mbao, hapa Pell Hollow, Vermont. Saa ile hutiwa ufunguo kwa mkono kila Jumamosi, na haina adabu hata kidogo. Ikifika saa kamili inagonga kengele, hata kama chini kuna jeneza. Basi kila mwezi wa tano, tope la barabarani likianza kukauka, tukifanya tamasha letu la muziki na mashairi, Lyle alipanda ngazi hamsini na mbili, akakalia ndoo aliyoipindua, na kila saa kamili akaishika nyundo kwa mikono miwili isiguse kengele. Mwaka mmoja tuliifunga kamba. Jino la mtambo likavunjika, tukakaa kiangazi kizima tukiulizana saa. Tangu hapo ikawa ni mikono ya Lyle tu. Nyonga zake mbovu, kupanda na kushuka kila mara haziwezi, kwa hiyo alishinda kule juu na mkate wake wa jibini. Kwa upepo ule na kelele za magurudumu, muziki wa chini haukumfikia. Miaka yote hiyo ya tamasha, hajasikia kitu!

Sasa mwaka ule mkewe, Verna, aliandikishwa kusoma shairi kwa mara ya kwanza. Verna alikuwa akiandika kwa siri, karatasi anazificha kwenye kopo la hamira. Lyle akiomba kuonyeshwa, anajibiwa, "Utasikia siku nikisimama mbele za watu, wewe na umbeya wako." Siku imefika, na Bi Haskell, mwenyekiti wa kamati, kampanga saa kumi kamili alasiri!

Lyle akamwendea, kofia mkononi.

"Mama, msogeze mbele robo saa tu. Nataka nimsikie mke wangu."

"Bwana Lyle, ratiba imeshachapishwa. Na mpiga fidla wetu anawahi kurudi Boston."

"Basi kengele ilie, mara moja tu."

"Ilie katikati ya shairi? Tuchekwe na wageni?"

Nusura nimtupie keki ya tangawizi usoni. Nikamwambia Lyle nitamshikia mimi hiyo nyundo. Akanitazama mikono. "Dada Loretta, itakurusha mpaka makaburini." Akaenda zake ngazini, anashika ukuta kila hatua. Roho iliniuma.

Dakika chache kabla ya saa kumi Verna akapanda mimbarani na gauni lake la buluu, karatasi mkononi. Hakusoma. Akasimama tu anatutazama. Watu wakaanza kukohoa.

"Karibu, Verna, anza," Bi Haskell akanong'ona.

"Namsubiri mume wangu."

"Lakini si yuko juu, ameshika..."

"Najua alipo. Anayemchua mabega usiku si wewe, ni mimi. Loretta! Acha hizo keki, kamwambie aiachie hiyo nyundo ashuke."

Nikapanda, mimi na unene wangu, nahema kama nini. Nikamkuta kaishika nyundo tayari, kafumba macho.

"Verna kasema achia, ushuke."

"Itamharibia shairi."

"Hajaanza! Anakungoja wewe, mzee mjinga."

Akanitazama. Akaachia. Lo! Kengele ikagonga mara nne, mnara ukatikisika, njiwa wakatimka, nami nimeziba masikio. Kule chini, nilivyoambiwa baadaye, hakuna aliyecheka. Walikaa wakihesabu.

Tukashuka polepole, mimi mbele asije akaanguka. Akaketi nami kiti cha mbele, mavi ya njiwa begani mwake.

"Futa bega," Verna akamwambia kutoka mimbarani. Hapo ndipo tulipocheka. Kisha akasoma:

*Kila mwaka naketi hapa chini,*
*wenzangu wanasikiliza fidla.*
*Mimi nangoja saa kamili,*
*nisikilize kengele isiyolia.*
*Kimya kile nakijua,*
*nakijua ni cha mikono ya nani.*

Akakunja karatasi, akarudi kukaa. Hata Bi Haskell alisahau kumtaja anayefuata.

Lyle alikuwa ameviweka viganja vyake magotini, vile viganja vyenye sugu, anavitazama. Akaniinamia.

"Loretta, miaka yote hiyo nilidhani kule juu niko peke yangu."

Nami nilikuwa nalia.