Mikebe Miwili ya Mama Ian

Mzee Kagwe wa Kitale alikuwa na ulimi, na kama hukuwa na habari angekuambia mwenyewe kabla hujakaa. Enzi za kazi yake alikuwa mpimaji wa mahindi katika ghala moja kule Moi's Bridge. Alikuwa akiuma punje, anafumba macho, kisha anatangaza kama gunia limekauka au linataka kumdanganya mtu. Alipostaafu, ulimi ule ukabaki bila kazi. Mke wake alikuwa amefariki zamani, watoto wamehama, hata binti yake Beth, na hakukuwa na mtu wa kutangaziwa chochote. Basi akauhamishia kwenye kiko.

Tumbaku alinunua sokoni kwa Nekesa, mjane wa Kibukusu ambaye wote walimwita Mama Ian. Mezani pake palikuwa na mikebe miwili. Mmoja ulikuwa wa kakao hapo zamani, na sasa, kwa maneno yake, ulikuwa na tumbaku ya kwao Sirisia. Wa pili ulikuwa wa mafuta ya kupikia, nao ulikuwa na tumbaku ya Endebess. Kwa macho hukuweza kuzitofautisha. Kwa Mzee Kagwe, mtu aliyeshindwa kuzitofautisha kwa ulimi alistahili kuombewa.

"Hii ya Sirisia," angesema akitoa moshi polepole, "iko na utamu inakuja kwa mbari. Hiyo ni mchanga ya mrima. Rakini hii ya Endebess inaacha mafuta kwa mdomo. Unajua ni kwa nini? Huko ni ng'ombe za maziwa tupu. Mchanga imekunywa maziwa."

"Ati mchanga imekunywa maziwa!" Mama Ian angejibu, akimsogezea kigoda. "Si uonje tena, Baba Beth. Labda leo imebadilika."

Naye angeonja tena. Asubuhi ingekwisha hivyo, na mara nyingi mchana nao. Rafiki yake Gathogo alimuuliza siku moja kwa nini asinunue tumbaku ya mwezi mzima akae kwake kwa amani. Kagwe alimtazama kwa huruma. Tumbaku, alimweleza, huonjwa pale pale inapotoka mkebeni. Gathogo hakubisha, ila mabega yake yalicheka.

Kisha asubuhi moja Kagwe alifika sokoni akakuta meza ile inauza vifuniko vya simu. Mama Ian alikuwa amefunga biashara akarudi Sirisia kumtunza mama yake mzee. Alikuwa ameondoka na mikebe yake na hata kigoda.

"Sasa tumbaku nitapata wapi?" Kagwe aliuliza kwa sauti, ili soko zima lisikie kuwa ni tumbaku.

Alijaribu tumbaku ya wauzaji wengine, zote zikawa majani tu. Chakula kilimshinda. Ukweli ni kwamba alimkosa Mama Ian hadi kifua kikamuuma, na aliogopa kuwa hatamwona tena. Lakini mtu mzima aliyezika mke hasemi hivyo mbele ya watu. Akavaa koti lake la harusi na mazishi, akaenda Sirisia, kule Bungoma, kutafuta tumbaku. Kwa mtu anayetafuta tumbaku, alikuwa amenyoa ndevu vizuri mno.

Hapa lazima niseme jambo moja. Ulimi huo wa ajabu, uliotenganisha Sirisia na Endebess, haukuwahi kutenganisha herufi ya *l* na ya *r*. Na Wabwile, kaka yake Nekesa, aliyempokea mgeni pale bomani, alikuwa na shida iyo hiyo, ila yeye ilimshika kutoka upande wa pili.

"Kalibu, mzee," Wabwile alisema.

"Asante, ndugu yangu. Mimi natoka Kitare. Nimekuja juu ya Mama Ian." Kagwe alikohoa. Alikusudia kuuliza mahali tumbaku inapouzwa siku hizi, basi. "Nataka tu kujua mahari, harafu nirudi."

Wabwile aliweka jembe chini. Alimtazama mgeni, koti, kidevu, kisha akaenda kumkamata jogoo na kuwaita wajomba. Kagwe alifikiri watu wa Sirisia wanapenda wateja sana.

Kuku alipokwisha kuliwa, Wabwile alisimama. "Mzee ameuliza mahali. Na sisi hatuna ubaya. Kwetu tunaanza na ng'ombe."

"Niriwaambia!" Kagwe alirukia. "Ni ng'ombe ndio zinaharibu hiyo ya Endebess!"

Wajomba walitazamana. Kagwe, akidhani wamevutiwa, akawapa somo lote: utamu wa mlima, mafuta ya mdomoni, mchanga uliokunywa maziwa. Wabwile alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Endebess gani, mzee? Hiyo tumbaku yote ni ya shamba hii. Ni gunia moja! Nekesa alikuwa anagawa kwa mikebe tu."

Kakao na mafuta ya kupikia. Kagwe alihisi masikio yake yakiwaka moto. Soko zima la Kitale lilikuwa limesikia mahubiri yake. Alimtafuta Nekesa kwa macho akamkuta amesimama mlangoni pa jikoni, sufuria mkononi.

"Mama Ian, kwa nini uriniacha niaibike?"

"Kama ningekuwa na mkebe moja," alisema bila kumwangalia, "si ungenunua uende?"

 Wabwile alipangusa machozi ya kicheko, akawa mwenye boma tena.

"Mzee, sema tujue. Wewe ulikuja kwa sababu ya mahali, ama ulikuja kwa sababu ya mahali?"

Swali hilo lingemshinda jaji. Kagwe alisikia neno moja mara mbili, akaona wajomba wote wamekaa mbele kidogo vitini mwao, ndipo akaelewa alichokuwa ameomba tangu asubuhi na kwa nini jogoo alikuwa amekufa. Koti lilikuwa bado mwilini. Angeweza kueleza kosa, kuomba radhi, na kurudi Kitale na heshima kidogo iliyobaki. Alimtazama Nekesa. Nekesa hakuwa anacheka. Alikuwa ameishika ile sufuria kifuani.

"Yote mawiri," Kagwe alisema.

Nekesa aliingia jikoni, akatoka na kile kigoda cha Kitale, akakiweka karibu na chake.