Robine Niliyotoa Bukavu

Tuliporudi Rwanda kutoka Kongo, mimi na mdogo wangu tulipata nyumba moja ya matofali ya udongo hapa Kamembe, iliyogawanywa na ukuta. Yeye na mumewe walikaa upande wa chini wa mlima. Mimi nilikaa upande wa juu peke yangu, kwa kuwa mume wangu aliingia msituni wakati wa vita na hakutoka.

Shemeji alikuwa mwashi. Alimjengea mkewe bafu zuri, akamfungia robine mpya ya kufungulia maji, inayong'aa. Kila asubuhi, nikipandisha jerikeni kutoka kwenye bomba la barabarani, nilimsikia mdogo wangu akioga huku akiimba. Wimbo ule ulinichoma kuliko mzigo niliobeba. Wageni wakija, aliwapeleka huko kunawa hata kama mikono yao ilikuwa safi.

Upande wangu pia kulikuwa na bafu, lakini waporaji walikuwa wameng'oa robine yake na bomba likazibwa kwa kipande cha mti. Siku moja nikavuka daraja la mpakani hadi Bukavu, upande wa Kongo. Sokoni nikamkuta mtu ametandaza chini vitasa, masinki na robine za zamani. Sikumuuliza vilitoka nyumba ya nani. Nilichagua robine ya shaba, kubwa kuliko ya mdogo wangu.

Jumamosi nikamwita fundi, baba mmoja Mwislamu wa mtaani kwetu. Aliigeuzageuza mkononi.

"Maman, meno yake imeisha. Maji ikikuja na nguvu, itaruka. Ngojea nikutafutie ingine."

"Mzee, funga tu. Kesho mama mkwe wa mdogo wangu anakuja, nataka anawe kwangu."

"Nitafunga. Lakini nimekuambia."

Jumapili tulitoka kanisani tukakuta maji yanapita chini ya mlango wangu. Robine ilikuwa imeruka, na maji yalikuwa yameloanisha ukuta mpaka ukaangukia kitanda cha mdogo wangu. Chini ya kitanda kulikuwa na katoni yenye picha pekee ya marehemu mama. Mama alikuwa amempa yeye, kitinda mimba, na sikuwahi kulisamehe jambo hilo. Mdogo wangu aliitoa ikichuruzika maji. Kilichobaki ni kitenge na mikono; uso ulikuwa umefutika. Naona haya kuandika nilichowaza: sasa hata yeye hana.

"Nani alifunga hii kitu?" shemeji aliuliza.

"Fundi," nikasema. "Hakukaza."

Aliitwa. Alinitazama. "Maman, waambie vile nilikuambia."

Niliinama nikaanza kuzoa matope. Shemeji akamwambia arudishe ukuta kwa mikono yake. Alikuja Jumatatu, akakanda udongo. Jumanne nilimpelekea chai.

"Weka chini," alisema bila kugeuka. Chai ilipoa pale pale, nzi wakaijaa.

Sikuweza kuvumilia. Nilimfuata mdogo wangu kambani, alikokuwa anaanika mashuka.

"Fundi hana kosa. Aliniambia itaruka, mimi nikamlazimisha."

"Juu ya nini, Yaya?" Aliniita hivyo tangu utotoni, mimi dada yake mkubwa.

"Juu yako. Una bwana, una bafu, mama alikupa picha. Nilichoka kukusikia ukiimba."

Alimaliza kuanika shuka lile. Kisha akanishika mkono, akanipeleka mbele ya mumewe na fundi, akasema, "Rudia." Nikarudia. Shemeji alimwomba fundi msamaha na kumruhusu aende kwake. Fundi alinawa mikono, akakusanya vyombo vyake, akatoka. Ukuta uliobaki niliumaliza mimi. Nilikanda udongo na kubeba matofali mpaka Ijumaa, shemeji akiniwekea kamba ya kunyooshea mstari.

Mdogo wangu alikaa msimu mzima wa mvua akiniambia yale ya lazima tu: chumvi imeisha, mlango uko wazi. Baadaye tulianza tena kucheka pamoja, ila picha hatukuitaja. Wivu wangu haukwisha siku ile. Ulipungua kidogo kidogo, na kuna asubuhi ulirudi wote. Fundi naye, tukikutana sokoni, aliitikia salamu yangu na kupita.